Kivinjari Kipya Katika Kompyuta Isiyo na Mwenyewe

Katika ofisi ya walimu ya shule yetu ipo kompyuta moja ya mezani, yenye kumbukumbu ya GB 2 na mfumo wa Windows 7, inayotumiwa na walimu kumi na wanne kuchapa mitihani, kuingiza alama, kufungua barua pepe na, muhula unapokaribia kwisha, kusoma habari za usajili wa wachezaji. Kompyuta hiyo haina mwenyewe. Ikiharibika, kila mtu hudhani kwamba mwenzake ameshamwita fundi. Ikipona, kila mtu hudai kwamba aliyeiponya ni yeye. Mwezi Julai 2024 mimi, mwalimu wa Jiografia ambaye sikuwahi kusomea kompyuta darasani, ndiye niliyejitwisha kazi ya kuibadilishia kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, nikiamini kwamba ni kazi ya nusu saa kabla ya chai ya saa nne.

Sababu ya kubadilisha ilikuwa wazi. Tulikuwa tukitumia Chrome toleo la 109, lililotoka Januari 2023, ambalo ndilo la mwisho linalokubali Windows 7. Kuanzia toleo la 110, lililotoka mwezi uliofuata, ilihitajika Windows 10 au mfumo mpya zaidi. Microsoft nao walikuwa wamekwisha kuacha kuihudumia Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo kila asubuhi ulijitokeza juu ya dirisha ukanda wa maandishi uliotueleza kwamba hatutapata tena masasisho, nasi tulikuwa tumezoea kuufunga kama mtu anavyomfukuza inzi mezani bila kukatiza mazungumzo. Nilipowaeleza wenzangu kwamba tundu la usalama linapozibwa katika matoleo mapya huwa pia linatangazwa, na kwamba anayebaki na toleo la zamani ni kama mtu ambaye ubovu wa mlango wake umesomwa msikitini na kanisani, walinielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Chaguo halikuwa pana. Vivinjari vingi vyenye majina tofauti vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome: Opera ilihamia huko mwaka 2013, Edge mwaka 2020, na Brave ilizaliwa humo. Msingi unapoiacha Windows 7, waliojenga juu yake nao hulazimika kuhama. Firefox ina injini yake yenyewe ya kuonyeshea kurasa, Gecko, na toleo lake la 115 la mwaka 2023 lipo pia katika mkondo wa huduma ya muda mrefu uliokusudiwa taasisi kama shule na maofisi, mkondo ambao Mozilla, watengenezaji wake, waliendelea kuupatia marekebisho ya usalama kwa ajili ya Windows za zamani. Wakati ule walikuwa wametaja Septemba 2024 kuwa ukomo, kisha wakausogeza hadi Machi 2025, na baadaye wakausogeza tena. Niliipakua kwa bando la simu yangu, nikaileta kwa flashi, nikaisakinisha. Mpaka hapo nusu saa ilikuwa haijaisha.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Walimu wengi hawakuwa na neno kivinjari vichwani mwao. Walikuwa na Intaneti, na Intaneti ilikuwa lile duara la rangi nne la Chrome lililopo kwenye eneokazi. Walipomwona mbweha aliyejikunja wa Firefox badala ya duara, waliona kwamba Intaneti imeondolewa. Mwalimu wetu mkongwe wa Kiswahili, ambaye sote humwamkia shikamoo na kumwita Babu, aliniuliza kwa upole, “Na barua pepe zangu, mwanangu, umezihamishia wapi?” Nilimweleza kwamba barua hazikai ndani ya Chrome, bali ziko mbali sana katika kompyuta za kampuni inayomhudumia, na kwamba kivinjari ni dirisha tu la kuzitazamia. Hakuridhika mpaka alipokaa mwenyewe, akaandika anwani kwa kidole kimoja, na kuiona barua ya mwisho ya binti yake ikiwa palepale alipoiacha.

Jambo la pili ndilo lililogeuza kazi ya nusu saa kuwa ya wiki tatu. Firefox inaposakinishwa hujitolea kuhamisha vitu kutoka kivinjari cha awali: alamisho (anwani za kurasa ulizoziwekea alama), historia, na manenosiri yaliyohifadhiwa. Kabla ya kukubali nilitaka kujua ninahamisha nini, nikafungua Mipangilio ya Chrome na kuingia katika orodha ya manenosiri. Palikuwa na mistari thelathini na mmoja. Mbele ya kila mstari kuna alama ya jicho, na kwa kawaida anayelibofya huulizwa kwanza nenosiri la Windows. Lakini kompyuta yetu haikuwa na nenosiri la Windows, kwa kuwa miaka mingi iliyopita tuliona ni usumbufu kuwataka walimu kumi na wanne walikumbuke. Nilibofya jicho la mstari wa kwanza, ambao kwa bahati ulikuwa wangu, na nenosiri langu likajitokeza herufi kwa herufi, kubwa na jeusi, huku Madam wa Baiolojia akipita nyuma yangu na kikombe.

Nilifunga orodha nikakaa kimya. Humo mlikuwa na akaunti za barua pepe, za Facebook, za mifumo tunayoangalizia hati za mishahara, na za walimu wawili waliokwisha kuhamishiwa mikoa mingine, ambao siku moja ya haraka waliulizwa kama wangependa nenosiri lao likumbukwe, wakabofya ndiyo. Hakuna aliyefanya kosa la ajabu. Kivinjari kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kompyuta ina mwenyewe mmoja, na kila wema kinaomtendea mwenyewe huyo, kumkumbukia neno, kumwachia mlango wazi, kumkamilishia anwani aliyoanza kuiandika, hugeuka kuwa umbeya mara tu anapoketi mtu wa pili kwenye kiti kilekile.

Umbeya huo ulikuwa umefika mbali kuliko nilivyodhani. Kwenye kona ya juu ya Chrome palikuwa na duara dogo lenye herufi ya kwanza ya jina la mwalimu wetu wa taaluma. Siku nyingi nyuma aliingia humo kwa akaunti yake, akawasha usawazishaji ili alamisho zake zimfuate nyumbani, na hakutoka. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo vyote tulivyotafuta sisi wengine katika kompyuta ile, na manenosiri yote tuliyokubali yahifadhiwe, vilikuwa vikienda kukaa katika akaunti yake na kushuka hadi kwenye simu yake. Nilimfuata pembeni nikamuuliza kama amewahi kuona kitu cha ajabu. Akacheka kidogo, akasema amekuwa akishangaa kwa nini simu yake inajua bei za vifaranga, ratiba za vituo vya redio vya Kigoma, na namna ya kuandika barua ya kuomba uhamisho. Kuhusu hiyo barua ya uhamisho alikuwa amekwisha kumtambua mhusika, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nilimheshimu zaidi tangu siku hiyo, ingawa nilimsimamia mpaka akazima usawazishaji na kuondoa akaunti mbele ya macho yangu.

Sikuhamisha nenosiri hata moja. Nilihamisha alamisho pekee, na Chrome nikaiacha kwa wiki tatu ili kila mwalimu aje kuchukua lililo lake. Utaratibu wenyewe ulihitaji hekima, kwa sababu anayeachiwa orodha peke yake anaona ya wote. Hivyo kila aliyekuja alinitajia tovuti, mimi nikaandika jina la tovuti hiyo katika kisanduku cha kutafutia ndani ya orodha ili ubaki mstari mmoja, kisha nikaondoka kwenda kusimama dirishani wakati yeye anabofya jicho, ananakili kwenye daftari, na kuufuta mstari. Watatu waligundua kwamba hawakuwa wamelikumbuka neno lao kwa miaka, na kwamba namba ya simu waliyoiandikisha kwa ajili ya dharura hawanayo tena. Hao kompyuta yetu ilikuwa imewabeba bila wenyewe kujua. Mmoja kati ya wale waliohama nilimpigia simu. Alisema, “Futa tu, Mwalimu,” halafu, kabla sijakata, akaniomba nimsomee kwanza, maana naye alikuwa amelisahau.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikutengeneza akaunti ya Windows kwa kila mwalimu, ambayo ndiyo njia iliyo sahihi kuliko zote. Nilijaribu kwa siku mbili. Walimu walikuwa wakibadilishana bila kutoka, kila mmoja akiacha programu zake zimefunguka nyuma, na kwa GB 2 za kumbukumbu kompyuta ilianza kuhema kama basi linalopanda Sekenke. Tukarudi kwenye akaunti moja, safari hii ikiwa na nenosiri, na nguvu nikazielekeza kwenye Firefox yenyewe.

Humo nilikuta jambo ambalo sikulitegemea katika programu ya bure. Kuna faili la maandishi liitwalo policies.json, ambalo huwekwa katika folda iitwayo distribution ndani ya mahali Firefox iliposakinishwa, na yaliyoandikwa humo huwa sheria ambayo mtumiaji hawezi kuitengua kwa kubofya tu. Niliandika kwamba isijitolee kuhifadhi manenosiri, isiruhusu mtu kuunganisha akaunti ya usawazishaji, na ifute historia pamoja na vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha ili zimkumbuke mtumiaji, kila inapofungwa. Jioni nzima sheria hizo hazikufanya kazi, mpaka nilipogundua kwamba nilisahau koma moja na hivyo faili lote likapuuzwa. Ni adhabu kali kwa kosa la koma; hata Babu katika usahihishaji wa insha hakati alama zote kwa sababu hiyo.

Sheria ya kufuta ina udhaifu wake, nao ni kwamba hufanya kazi dirisha linapofungwa, ilhali mwalimu akisikia kengele huinuka na kwenda darasani akiwa ameacha barua yake wazi kwenye kioo. Nimebandika karatasi chini ya kioo inayosema FUNGA DIRISHA, na mwanafunzi mmoja aliyetumwa kuleta madaftari akaisoma na kwenda kufunga dirisha la ofisi.

Hasara moja ninaikiri bila kuificha. Chrome yetu ilikuwa ya Kiswahili, na wapo waliozoea kuona Mipangilio na Alamisho kwa lugha yao. Nilipotafuta lugha za Firefox nilikikuta Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda, jambo lililonifurahisha, lakini Kiswahili sikukiona katika orodha, kwa hiyo tumebaki na Kiingereza. Babu alilipokea kama msiba mdogo. Alisema haiwezekani Waacholi wametuzidi bidii, kisha akatafakari na kusema kwamba inawezekana sana.

Chrome niliiondoa mwishoni mwa Julai, na kwa wiki mbili mambo yalitulia. Kisha ikafika siku ya mwisho ya kuwasilisha alama za mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Nne. Umeme ulikatika saa sita, ukarudi saa saba, na tangu hapo Firefox ikakataa kila ukurasa, ikituonya kwamba vyeti vya usalama vya tovuti havikubaliki. Ilikataa barua pepe, ikakataa hata ukurasa wa kutafutia. Walimu waliobeba karatasi za alama walisimama nyuma yangu kama ndugu wa mgonjwa. Mwalimu wa taaluma hakusema neno, lakini Madam wa Baiolojia alilisema kwa niaba ya wote: duara halikuwahi kutufanyia hivi.

Jibu lilikuwa kwenye kona ya chini kulia, ambako kompyuta ilionyesha kwamba tupo tarehe 1 Januari 2009. Cheti cha tovuti, ambacho huthibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, huwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kwa kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2009, vyeti vyote vya leo havijazaliwa. Betri ndogo ya duara inayotunza saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo. Nilirekebisha tarehe, kurasa zikafunguka, alama zikaenda.

Lakini betri ile haikufa siku hiyo. Nilimpigia simu karani wetu, aliyekuwa katika likizo ya uzazi tangu shule ilipofungwa Juni, nikamuuliza kama aliwahi kuliona tatizo hilo. Alishangaa kwamba ninauliza. Yeye kila jioni alikuwa akizima swichi ya ukutani kwa kuogopa radi, kila asubuhi akaikuta saa imerudi nyuma, akairekebisha kabla mwalimu wa kwanza hajaingia, na alifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kudhani kwamba ndivyo kompyuta zote zinavyowashwa. Alipoondoka hakuna aliyegusa swichi, saa ikaendelea kutembea kwa umeme wa ukutani, mpaka ulipokatika.

Betri mpya, CR2032, nilinunua kwa fundi saa kwa shilingi elfu mbili. Karani alirudi Septemba. Asubuhi ya kwanza alikaa, akawasha, akapeleka kipanya moja kwa moja kwenye kona ya chini kulia kabla ya kitu kingine chochote, akatazama, kisha akageuka kutuuliza nani amewahi kuja kabla yake.