Nilivyoingia jarida la sheria kwa kuzikomalia tanbihi

Katika vyuo vya sheria vya Marekani, jarida la chuo huhaririwa na wanafunzi, na hao ndio wanaoamua makala ya profesa itoke au isitoke. Harvard wana lao tangu 1887. Mchujo wetu wa kuingia jarida, wenye insha na zoezi la kusahihisha tanbihi (maelezo ya vyanzo chini ya ukurasa), ulikuja mwisho wa mwaka wa kwanza, mitihani imeisha tu.

Waliotutangulia walinishauri nguvu zote niweke kwenye insha, tanbihi nizimalize kwa saa moja. Ushauri mbaya kabisa! Nyaraka za insha ni zilezile kwa kila mtu na kutafuta kesi nje yake ni marufuku, kwa hiyo insha nyingi zinafanana. Tanbihi ndizo zinazowatenganisha watu. Nilizipa nusu ya muda wangu.

Kitabu cha kanuni za kutaja vyanzo ni Bluebook, kilichoanza 1926. Usikikariri, bandika vikaratasi vya rangi penye kesi, sheria, vitabu na vifupisho. Kisha nilisoma tanbihi kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kila mzunguko nikisaka kosa la aina moja: nafasi kati ya herufi (F.3d haina, F. Supp. inayo, vyote ni vifupisho vya vitabu vya kesi), halafu herufi za mlazo, halafu namba za kurasa. Ukisoma kwa mfululizo, hoja inakuchukua na macho yanaruka. Hata nukta ya Id., kifupi cha kurudia chanzo, hulazwa pamoja na neno lake.

Ukishaingia, kazi ni kuhakiki: unafungua chanzo chenyewe, kurasa zilizopigwa picha za HeinOnline, hifadhi ya mtandaoni ya machapisho ya sheria, kwa mfano, unalinganisha nukuu herufi kwa herufi. Hapo Id. ilinitesa. Maana yake ni chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia. Namba 41 inataja kesi, 42 inasema Id. at 87 (yaani ukurasa wa 87 wa kesi hiyo), mwandishi akichomeka tanbihi mpya katikati, Id. inaelekeza kwingine na kompyuta inanyamaza. Nilizisahihisha zote, rasimu ikarudi na tanbihi mpya tisa, kazi ya siku mbili ikaanza upya. Tangu hapo naacha jina fupi la chanzo kila mahali, Id. naziweka siku ya mwisho. Tena tanbihi ya juu yake ikiwa na vyanzo viwili, Id. haifai.

Namba za supra, neno linalomrudisha msomaji kwenye tanbihi ya nyuma, zifunge kwa marejeo ya Word yanayojirekebisha. Kabla ya Ctrl+A (kuchagua yote) na F9 (kusasisha namba), bofya ndani ya tanbihi. Ukichagua makala ya juu peke yake, namba za chini zinabaki za zamani.