Mzuka wa Victor Sjöström kwa simu na kitambaa cheusi

Wanaoshuti muvi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wakifika kwenye sehemu ya mzuka hukimbilia poda nyeupe usoni na mlio wa bundi. Mzuka wa namna hiyo hamtishi hata mtoto. Anayetisha ni yule unayeona ukuta kupitia kifuani mwake, na kazi hiyo ilishafanywa vizuri mno Uswidi zaidi ya miaka 100 iliyopita na Victor Sjöström, aliyeandika skripti, akaongoza, na akacheza mhusika mkuu yeye mwenyewe.

Muvi inaitwa Körkarlen, ilitoka tarehe 1 Januari 1921, na chanzo chake ni riwaya ya Selma Lagerlöf ya mwaka 1912. Atakayekuwa wa mwisho kufa mwaka unapoisha analazimika kuendesha mkokoteni wa Kifo mwaka mzima unaofuata, akizoa roho. Zamu inamwangukia mlevi David Holm, ambaye ndiye Sjöström. Lagerlöf alitaka ishutiwe Landskrona, mji wa riwaya yenyewe. Sjöström akang'ang'ania studio mpya za Råsunda, karibu na Stockholm, na alikuwa sahihi: mzuka wa aina hii unahitaji mwanga usiobadilika, na jua la nje hubadilika kila dakika.

Mpiga picha, Julius Jaenzon, alifanya kila kitu ndani ya kamera. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja wa mpini ulipitisha fremu (picha moja moja za mkanda) 8, na kasi ya kawaida ilikaribia fremu 16 kwa sekunde, yaani mizunguko 2. Kwa hiyo kipande cha sekunde 30 ni mizunguko 60, fremu 480, mkanda wa mita 9 na kidogo. Unashuti kwanza walio hai, unafunika lenzi, unarudisha mkanda kwa hesabu ileile, halafu mzuka anaigiza mbele ya kitambaa cheusi juu ya mkanda uleule. Vipo vipande vya Körkarlen vilivyopitishwa hivyo hadi mara nne. Ukikosea mizunguko mitatu tu, mzuka anajibu sekunde moja na nusu kabla hajaulizwa, na hutajua mpaka mkanda usafishwe.

Kwa simu hutapoteza mkanda, lakini nidhamu ni ileile. Weka simu kwenye stendi, ining'inizie stendi mfuko wa mchanga wa kilo 3 hivi, kisha bonyeza skrini kwa muda mrefu mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Shuti klipu ya walio hai, nao waache nafasi ya mzuka na waitazame. Usiiguse simu. Ianzishe kwa kitufe cha spika za masikioni kama simu yako inakubali. Kisha tandaza kitambaa cheusi kisichong'aa nyuma na chini, mita 5 au 6 kwa chumba cha kawaida (satini haifai, inarudisha mwanga), na ushuti mzuka peke yake. Kwenye programu ya kuhariri video kama CapCut au KineMaster weka klipu ya pili juu ya ya kwanza, chagua mchanganyo wa klipu unaoitwa Screen, cheusi chote kitapotea, halafu shusha uzito wa picha (Opacity) hadi asilimia 60 hivi. Chini ya 30 hasomeki kwenye TV ya bandaumiza, kibanda cha kuonyeshea muvi.

Mzuka wa Jaenzon anapita nyuma ya vitu na mbele ya vitu, na hapo ndipo wengi wanaoiga hukwama. Ukitaka apite nyuma ya meza, usiiondoe meza. Iache palepale, ifunike kwa kitambaa cheusi kwenye klipu ya mzuka. Miguu yake itazibwa na kitambaa hicho, na meza ya klipu ya kwanza itaonekana imara mbele yake.

Mwigizaji mwenye ngozi nyeusi mbele ya kitambaa cheusi atamezwa ukimulika kutoka mbele. Tumia taa mbili za pembeni, nyuma yake kidogo, na umvishe nguo ya rangi hafifu. Umeme ukiyumba, mwanga nao unayumba na klipu hazitalingana, kwa hiyo taa za betri ni salama zaidi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na taa zao za sola zinakaa bure, ulizia mwaloni Kibirizi. Feni izimwe, pazia lifungwe. Pazia likisogea kwenye klipu ya kwanza wakati mzuka kasimama mbele yake, macho yote yanakwenda huko.

Ufundi huu peke yake usingemfikisha Sjöström popote. Alizaliwa mwaka 1879, akaanza na vikundi vya maigizo vya kuzunguka, na mwaka 1912 akachukuliwa na kampuni ya Svenska Bio. Muvi yake ya Ingeborg Holm ya 1913, ya mjane anayenyang'anywa watoto na taratibu za misaada kwa maskini, ilizua mjadala nchini mwake. Kamera inatulia, waigizaji wanafanya kazi. Hilda Borgström, anayecheza mjane huyo, wakati wa kuagana na mwanawe hapigi yowe, na ndiyo maana inauma. Terje Vigen ya 1917, ya mtu anayepiga makasia kuvuka bahari kutafuta shayiri ya familia yake, ingeeleweka Ujiji bila maneno. Nayo alicheza mwenyewe.

Hollywood walimwita Victor Seastrom. He Who Gets Slapped ya 1924 ndiyo ya kwanza kutayarishwa na kampuni ya MGM. Kwa The Wind, ya 1928, walipeleka injini za ndege 8 jangwani Mojave kumpulizia mwigizaji Lillian Gish mchanga. Ni kazi kubwa iliyotoka wakati mbaya, kwani watu walishaanza kutaka muvi zinazosema. Alirudi kwao 1930, na muvi ya mwisho kuiongoza ilikuwa ya 1937. Sjöström akiwa mzee, mwongozaji Ingmar Bergman akampa nafasi kuu kwenye muvi ya Smultronstället ya 1957, na Bergman amesimulia kwamba mzee alitaka awe nyumbani saa 11 na robo jioni kwa ajili ya wiski yake.

Sehemu kubwa ya muvi zake za mwanzo haipo tena: mikanda ya nitrati hushika moto upesi, na ghala la Stockholm liliungua mwaka 1941. Körkarlen imebaki, takriban dakika 107. Haina sauti, ina maandishi ya Kiswidi kati ya picha, kwa hiyo mtafsiri wa bandani asishindane na muziki. Asubiri maandishi, ayasome kwa Kiswahili, anyamaze. Tukio lake la mlango unaopasuliwa kwa shoka halihitaji maelezo.