Haraka ni lini?

Kitinda mimba wangu yuko kidato cha tano, anachukua HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Juzi aliniletea swali la uchumi: nchi ikishusha thamani ya fedha yake, nani ananufaika na nani anaumia? Daftari lake lina majibu tele, faida upande huu, hasara upande ule. Nilimsikiliza akiyasoma, lakini akili ilikuwa imeshakwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Juni 1986, kwenye meza yetu ya chakula.

Ilikuwa jioni ya bajeti. Mzee, baba yetu, mwalimu wa uchumi pale chuoni, aliiweka redio katikati ya meza, sisi tukaamriwa kunyamaza, na Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, akawa ndiye mgeni wetu wa chakula cha usiku. Dola iliyokuwa shilingi 17 hivi mwanzoni mwa mwaka ilikuwa inapelekwa kwenye 40. Mzee aliisubiri siku ile kwa miaka. Edwin Mtei alishajiuzulu uwaziri wa fedha tangu 1979 kwa sababu ya mambo hayahaya ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Mwalimu Nyerere alishagoma, na pale chuoni wachumi walikuwa wamegawanyika hadi wengine hawasalimiani vizuri. Kuna waliomwita Mzee kibaraka wa mabeberu. Alikuwa anarudi nyumbani na hilo neno, anakaa nalo kimya.

Wao hawakumjua Babu wa Rombo. Babu alikuwa na kahawa, na bei aliyolipwa haikumtosha hata kununua dawa ya kunyunyizia mibuni. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, kahawa ileile ilikuwa na bei ya maana, na usiku watu walikuwa wanavuka na magunia. Mzee alikuwa akituambia hata sisi watoto: shilingi ikipewa thamani isiyokuwa yake, mkulima ndiye anayemgharamia yule mwenye kibali cha kuagiza bidhaa nje. Aliyasema haya kama mtoto wa mkulima aliyesomeshwa kwa kahawa hiyohiyo. Mpaka leo naona hoja ile ina uzito.

Basi hotuba ikaisha, Mzee akaizima redio akitabasamu. Akavuta karatasi zake, maana alikuwa anaandaa mada ya semina. Mama akaondoa sahani. Aliporudi alikuwa na daftari la kuku.

Wakati ule karibu kila nyumba ya mwalimu wa chuo ilikuwa na mradi nyuma: kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa. Mshahara ulikuwa haufiki tarehe ishirini. Sisi tulikuwa na kuku wa mayai, na mwenye mradi alikuwa Mama. Daftari lenyewe lilikuwa na jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kona zake zimelainika kwa kushikwa na mikono yenye pumba. Mayai, trei, madeni ya majirani, kuku waliokufa. Yote yalikuwa mle, kwa mwandiko wake wa kulala.

Akalifungua, akaliweka juu ya karatasi za Mzee.

"Baba watoto, hebu nipigie hesabu hapa. Chanjo ya mdondo inatoka nje. Vitamini za kuchanganya kwenye chakula zinatoka nje. Mayai nawauzia walimu wenzako. Mishahara yao imetajwa kwenye hiyo hotuba?"

Mzee akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani. Akaanza kupiga hesabu pembeni ya ukurasa, trei kwa trei. Nilikuwa nimekaa mkono wake wa kushoto, naona tarakimu zinavyoshuka. Kalamu ikapungua mwendo. Ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Mwanzoni itauma," alisema. "Lakini wakulima wakilipwa vizuri, watazalisha, fedha za kigeni zitaingia, bidhaa zitarudi madukani. Mishahara itafuata. Haitakuwa haraka, lakini itafuata."

"Haraka ni lini?"

Mama hakuwa anambishia. Alitaka kujua, kwa sababu wiki ile ilimpasa aamue kama aagize vifaranga wengine. Mzee alimtazama muda mrefu, halafu akainama akaandika maneno yale matatu pembeni ya mada yake kwa wino mwekundu, akayapigia mstari. Hakumjibu. Mama akalichukua daftari, akaenda kufunga banda.

Yaliyofuata mnayajua. Sabuni na khanga zikaonekana madukani, ila bei hazikushikika. Wenzake kadhaa Mzee waliondoka, Botswana, Lesotho, Swaziland. Yeye akabaki, anasafisha banda alfajiri kisha anaingia darasani. Babu alipata nafuu kiasi, mpaka mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalipovunjika, bei ya dunia ikaporomoka na wengi kule Rombo wakaanza kung'oa mibuni. Shilingi haikuwa na kosa katika hilo. Au hivyo ndivyo Mzee alivyokuwa akisisitiza.

Baadaye niliisoma ile mada ilivyotoka. Ni kazi nzuri, imeshiba hoja. Swali la Mama halimo. Sijui aliliondoa kwa sababu hakupata jibu, au aliona si la kwenye semina. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Ninachojua ni kwamba hawakukubaliana mpaka mwisho. Hata alipostaafu, Mzee alikuwa akisema tulichelewa, tungefanya 1979 tungeumia kidogo. Mama alikuwa akisema aliyelipa karo zetu ni kuku. Mwanangu anataka nimwambie nani alikuwa sahihi, aandike. Nimemsimulia yote mawili, ya Babu na ya daftari, na kuchagua upande nimeshindwa.