Siku moja ya kocha anayeandaa mabinti wa sekondari kwa soka la vyuo vikuu Marekani

Saa 11:30 alfajiri
Kabla simu za wazazi hazijaanza kuingia, huitazama upya mechi ya mwisho wa wiki, na safari hii macho yangu hayamfuati mwenye mpira. Namchagua mchezaji mmoja, leo ni kiungo wa kati aliye mwaka wa pili wa sekondari, kisha namfuatilia kipindi kizima cha kwanza na kuandika kila anapogeuza shingo kutazama nyuma yake kabla pasi haijamfikia. Katika mechi za shule hupokea mpira, huinua macho, humtafuta mwenzake, na bado hupata nafasi ya kuugusa mara ya tatu. Chuoni, ambako anaweza kukabwa na mwanamke wa miaka 22 aliyekwisha kukomaa mwili na aliyecheza misimu mitatu mfululizo katika ngazi hiyo, mguso wa tatu ni mpira uliokwisha kupokonywa. Kwa imani yangu, hapo ndipo ngazi hizi mbili zinapoachana, katika yale ambayo mchezaji ameshayaona kabla mpira haujafika, na karibu kila ninachokipanga kwa wiki nzima kinatokana na imani hiyo.

Saa 3 asubuhi
Saa za asubuhi ni za makaratasi, na sizionei uvivu, kwa kuwa kipaji kisichokuwa na alama za darasani hakivuki lango la chuo. NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo, kinamtaka mwanafunzi anayeelekea Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kati ya tatu za chama hicho, awe amemaliza masomo ya lazima 16, kama Kiingereza, hisabati na sayansi, akiwa na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa nne wa sekondari kuanza. Divisheni ya Pili inataka masomo 16 vilevile, kwa wastani wa 2.2. Mbele yangu ipo rekodi ya mshambuliaji wa mwaka wa tatu ambaye, baada ya kuacha somo moja la hisabati katikati ya mwaka, atafunga shule akiwa na masomo 9. Namwandikia mshauri wake wa masomo ili tumtafutie nafasi katika masomo ya likizo ya kiangazi, kwani hiyo ndiyo nafasi iliyobaki.

Saa 6 mchana
Nasoma barua ambazo wachezaji wameziandikia vyuo na kuzirudisha zikiwa na masahihisho. Barua inayoanza kwa sifa nyingi naikata, na ile inayotaja nafasi uwanjani, mwaka wa kumaliza shule, wastani wa alama na ratiba ya mechi zijazo naiacha iende.

Saa 8 mchana
Mzazi mmoja, baba aliyehamia huku Marekani na familia yake kutoka Afrika Mashariki, anafika kwa miadi. Tunajuliana hali, kisha anauliza kwa upole, "Mwalimu, binti yetu amefunga mabao msimu mzima, na makocha tumewaandikia. Mbona hata mmoja hajajibu?"

"Mzee wangu, hawajamdharau. Yuko mwaka wa pili, na kanuni haiwaruhusu makocha wa Divisheni ya Kwanza kuzungumza naye habari za kusajiliwa kabla ya Juni 15 ya mwaka huu. Kumtazama akicheza wanaruhusiwa."

Swali lake la pili ni la fedha, na huwa nalijibu bila kupaka rangi, maana nimeziona familia zikitumia akiba yote kwa matumaini ya ufadhili kamili ambao wachache mno huupata. Vyuo vya Divisheni ya Tatu havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, ingawa vinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa alama zake au kwa uhitaji wa familia. Vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya wa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ulioidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, vimewekewa kikomo cha wachezaji 28 katika kikosi cha soka. Makocha wengi sasa hutafuta pia wachezaji waliokomaa wanaohama kutoka vyuo vingine, na binti wa miaka 17 anashindana na hao.

Saa 10 jioni
Tunaanza na FIFA 11+, programu ya kupasha misuli moto inayochukua kama dakika 20, na siruhusu mtu kuiruka. Wasichana huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, kwa hiyo nasimama karibu wanaporuka na kutua, nikiangalia kama magoti yanaingia ndani.

Kisha tunaingia katika uwanja mwembamba, wanne kwa wanne, miguso miwili tu. Nyuma ya kila anayepokea pasi yupo mwenzake mwenye vitambaa vya rangi, na mpokeaji lazima aitaje rangi iliyoinuliwa wakati mpira ungali njiani. Kiungo wangu wa alfajiri anaitaja kwa kuchelewa, mguu ukiwa umeshaugusa mpira. Nasimamisha mchezo, namwomba ageuze bega la kushoto nusu hatua kabla ya pasi kupigwa, na tunarudia. Baada ya marudio kadhaa anasema "nyekundu" mpira ukiwa katikati ya njia, anaupokea kwa mguu wa mbali, naye tayari ameelekea goli.

Nusu saa ya mwisho ni ya kasi. Mechi ya chuo ni dakika 90, si 80 walizozizoea shuleni, na mchezaji anayetolewa kipindi cha kwanza harudi hadi cha pili, ambapo anaweza kutoka na kurudi mara moja tu. Makocha hubadilisha wachezaji wengi, na mtu huweza kukutana na mpinzani mwenye pumzi mpya wakati yeye amechoka. Msimu wenyewe umebanwa katika majira ya vuli, mara nyingi mechi mbili kwa wiki. Kwa sababu hiyo nawachezesha mchezo mdogo wa dakika nne, mapumziko mafupi, tena nne, na katika awamu ya mwisho ndipo ninapoandika nani bado anageuza shingo.

Saa 2 usiku
Namtumia kiungo vipande vichache vya video, vyote visivyo na bao. Baada ya muda anaandika, "Kocha, hapa sikumwona yule aliyekuwa nyuma yangu." Najibu kwamba Alhamisi atacheza upande wa kushoto, karibu na mstari wa pembeni, ambako mpinzani wake mara nyingi atamjia kutoka upande asiouzoea, kisha nawakumbusha wote kulala mapema, kwa kuwa umri wao unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.