Sindano juu ya picha

Joana Choumali wa Ivory Coast alipiga picha za "Ça va aller" (Kifaransa: "itakuwa sawa") kwa simu, katika mji wa Grand-Bassam nchini humo, wiki tatu baada ya shambulio la kigaidi la Machi 2016 mjini hapo. Alizichapisha kwenye kanvasi, akazidarizi kwa mkono. Mwaka 2019 zikashinda Prix Pictet, tuzo ya upigaji picha. Watu wengi katika picha hizo wako peke yao, na uzi wa rangi kali huwakaa begani kama mtu aliyekuja kuwapa pole.

Ukijaribu, kumbuka tundu la sindano kwenye kanvasi iliyochapishwa halizibiki. Toboa kwanza kwa sindano nyembamba, ndipo upitishe uzi. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6. Tenganisha utumie 2, maana zote 6 hubandua wino kandokando ya tundu. Usivute sana: kitambaa kitajikunja, na uso wa mtu utapinda nacho.