Samaki wa Mawe Hali Dagaa

Kabla ya kuwa na tangi la samaki sebuleni, nilidhani mtu anayeishi Kigoma hana cha kujifunza kuhusu samaki wa Tanganyika. Ziwa liko chini ya mlima, maji ni ya bure, mawe ni ya bure, na halijoto ya chumba inakaribiana na ya ziwa kiasi kwamba mashine ya kupasha maji joto haihitajiki. Yote hayo ni kweli, na bado katika mwezi wa kwanza nilizika samaki watano chini ya mpapai.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300 likijaa hadi ukingoni. Fundi wa vioo wa mtaa wa Mwanga alilimaliza kwa siku mbili. Meza ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa maji peke yake yana uzito wa kilo 300 na mawe bado hayajaingia. Fundi wa kuchomelea akaniwekea miguu sita badala ya minne, nami sikubishana naye. Maji niliyachota ziwani kwa madumu ya lita 20, mbali na mwalo, maana penye mitumbwi ya injini hapakosi mafuta. Siku ya tatu nikaingiza samaki 14 wachanga wa aina ya Tropheus duboisi, niliowapata kwa mvuvi mwenye leseni ya samaki wa mapambo. Wakiwa wachanga ni weusi wenye madoa meupe, kama kanga wa porini. Wakikomaa, kichwa hugeuka buluu na mwili huvaa mkanda wa rangi nyepesi.

Siku ya tatu ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, kwa kupumua na kwa kinyesi chake, na chakula kinachooza chini huongeza amonia hiyo hiyo. Katika tangi lililokwisha kukaa na samaki muda mrefu, bakteria walioweka makao ndani ya sponji ya chujio na juu ya mawe huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka maji yabadilishwe. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, ikikaribia 9. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja isiyodhuru sana na nyingine kali: katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, ile kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini kwenye pH 9 inazidi asilimia 30. Kwa hiyo, chakula kidogo kilichosahaulika nyuma ya jiwe, ambacho kwingine kingeyachafua maji tu, katika maji yetu huua.

Kosa la pili linanitia aibu zaidi. Nilinunua dagaa kule Kibirizi, nikawatwanga wakawa unga, nikawa nalisha asubuhi na jioni, nikiamini kwamba samaki wa Kigoma hawezi kumkataa dagaa wa Kigoma. Kweli hawakumkataa, walimgombania. Wiki ya pili mmoja alijitenga pembeni, tumbo limevimba, akiburuta kinyesi cheupe chembamba kama uzi, na baada yake wakafuata wengine. Mzee mmoja jirani, ambaye ujanani alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo, alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo, kisha akasema, "Mwalimu, hawa hawali dagaa. Hawa wanakwangua mawe kutwa nzima, na wewe umewapa karamu ya nyama."

Jioni ile nilimpasua mmoja wa waliokufa kwa wembe, nikaunyoosha utumbo wake juu ya sahani. Samaki alikuwa na sentimita 5, na utumbo ulizidi urefu wa kiganja changu. Utumbo wa namna hiyo umeumbwa kwa ajili ya mwani, chakula hafifu kinachopita polepole. Nyama ikikaa humo muda mrefu huleta matatizo.

Tangu hapo kazi kubwa ya kulisha hufanyika uani. Nina beseni mbili zenye maji ya ziwa na mawe, ambazo hukaa juani mpaka mawe yaote utando wa kijani, na kila baada ya siku tatu nabadilishana mawili na yaliyokwanguliwa ndani. Beseni nimezifunika kwa kipande cha chandarua, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nafuga mbu kuliko mwani, na mke wangu alilisema jambo hilo kwa sauti. Nyongeza ni mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na kukandamizwa kwa jiwe, au punje za spirulina, aina ya mwani uliokaushwa, nikizipata kutoka Dar es Salaam, kiasi kinachokwisha kwa dakika moja. Siku moja ya wiki hawapewi kitu. Katika wiki za mwanzo, kulisha mara moja kila baada ya siku mbili kunatosha kabisa.

Kila wiki nabadilisha robo ya maji. Nikitumia ya bomba, nayalaza usiku kucha pampu ya hewa ikifanya kazi, ili klorini itoke. Sponji naisuuza katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani, ili klorini isiwaue bakteria. Pampu ya betri iko tayari kwa siku umeme unapokatika.

Waliobaki tisa waligeuka wagomvi, kwa kuwa katika kundi dogo mbabe humwandama mmoja mpaka amuue. Niliongeza sita usiku, taa zimezimwa, baada ya kuyapanga mawe upya ili kila mmoja apoteze eneo alilolidai. Sasa tangi lina mwaka wa pili, na tangu wiki iliyopita jike mmoja koo limemvimba: amebeba watoto mdomoni, mzigo wa takriban wiki nne. Bado anakwangua mawe, kwa sababu majike wa aina hii huwalisha watoto wakiwa humo humo mdomoni. Nimemwekea jiwe la kijani kuliko yote karibu na pembe anayojificha.