Hakuuonea Haya Mnyororo Wangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 2 Timotheo 1:16-17. Paulo amefungwa Rumi na wengi wamemwepuka. Anamkumbuka Onesiforo, aliyemtafuta kwa bidii mpaka akampata: "maana mara nyingi aliniburudisha, wala hakuuonea haya mnyororo wangu."

Mzazi akishafungwa, haya hubaki nyumbani na watoto. Mtoto wa Kisauni anaambiwa baba yuko Uarabuni kikazi. Nyanya anadhani anamsitiri. Halafu siku moja ukweli unamfikia shuleni, midomoni mwa wenzake, kama tusi. Naamini ni heri auambiwe nyumbani, na mtu anayempenda, kwa maneno ya umri wake: baba amefungwa, na wewe huna kosa lolote. Ezekieli 18:20 imekwisha kusema, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Sisi ndio tunaombebesha, kalamu ikipotea Shule ya Jumapili na macho yote yakamgeukia yeye.

Wako na wadogo zaidi. Sheria ya Kenya inamruhusu mama mfungwa kukaa na mwanawe gerezani mpaka mtoto atimize miaka 4. Akitoka hapo, huenda hajawahi kulala hata usiku mmoja mbali na mama, naye anapelekwa kwa shangazi asiyemjua. Mlango ukifungwa anashtuka. Analia usiku kucha. Tafadhali, tusiseme amedekezwa. Shangazi huyo anahitaji mwenzake wa kumpokea mtoto mchana ili naye apate usingizi.

Onesiforo alitafuta kwa bidii, na kwetu bidii hiyo ina nauli. Ukitoka Likoni, feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini kutoka hapo hadi gereza la Shimo la Tewa ni matatu, kwenda na kurudi, nyanya na wajukuu. Wengi hawaachi kwenda kwa kumchukia mfungwa. Nauli ndiyo unga wa jioni. Mwenye gari kati yetu ana huduma hapo. Aulize mapema siku za kutembelea na vitambulisho vinavyotakiwa, maana mtoto kufika langoni akarudishwa ni maumivu mengine. Na mtoto aliyeumizwa na mzazi huyo asilazimishwe kwenda. Yeye ana haki ya kusema bado.

Tukifika nyumbani kwao, tusiulize kosa lilikuwa nini. Tuulize karo imefika wapi, na nani anahudhuria mkutano wa wazazi.

Tuombe. Bwana, uzirehemu nyumba za waliofungwa, kama Paulo alivyoiombea nyumba ya Onesiforo. Wape subira wanaolea watoto wasiowazaa. Utuondolee haya, sisi kanisa lako, tupande matatu pamoja nao. Amina.